Mama Besi na Kiingereza Chake cha Kupenda

Harufu ninayoikumbuka kwanza ni ya vumbi lililomwagiwa maji. Kila kiangazi, kabla ya mvua za kwanza, lori la kampuni lenye tangi mgongoni lilipita polepole katika barabara za Musonoi, kambi yetu ya wachimba shaba kule Katanga, likinyunyiza maji, ili vumbi la mgodi lisituingie vyunguni, na sisi watoto tulilifuata miguu mitupu mpaka matope mekundu yakatufika magotini. Kwa kitambo kidogo kambi nzima ilinukia kama chungu kipya, kisha jua lilirudi kazini na vumbi likarudi mahali pake. Wenzangu wa rika langu wakikumbuka siku hizo za mwisho za utawala wa Wabelgiji, husema nyumba zilikuwa safi, hospitali zilikuwa na dawa, na watu walipendana. Nyumba zilikuwa safi, sibishi, kulikuwa na mzungu wa kukagua hata vyoo. Dawa zilikuwapo. Lakini hilo la kupendana, wasinitafute mimi niwe shahidi wao, kwa sababu nilikuwapo kiangazi kile Mama Besi alipokaa nyumbani kwetu.

Mama Besi alikuwa mke wa baba mdogo, yaani ndugu mdogo wa Tata, baba yangu. Ukoo wetu ulitoka Kasai, babu yangu akiwa miongoni mwa watu walioletwa kuchimba shaba, na Tata alirithi mgodi kama wengine wanavyorithi mashamba. Baba mdogo alikuwa na miguu myepesi. Alivuka mpaka akaenda Luanshya, upande wa Waingereza, akafanya kazi huko miaka kadhaa, kisha akarudi na mkoba mmoja na mke mmoja. Wakati wakingoja kampuni iwape nyumba, walilala katika chumba chetu cha mbele, na sisi watoto tukasogezwa jikoni. Mke huyo alikuwa Mbemba wa huko, mwembamba, mwenye pengo dogo kati ya meno ya mbele, na tangu usichana wake alikuwa akilea watoto wa Waingereza katika nyumba zao. Yeye mwenyewe hakuwa amejaliwa mtoto. Kiswahili chake kilichechemea, Kifaransa hakukijua kabisa, lakini Kiingereza kilimtoka mdomoni kama maji ya bomba, na karibu chote kilikuwa cha kupenda.

Sharti nieleze jambo hili, maana hapa ndipo taabu ilipozaliwa. Kwetu kupenda hakukusemwa. Tata alipompenda mtu alimwuliza kama amekula. Mama alipotupenda alitugombeza kwa kuchafua nguo. Neno lenyewe, nakupenda, tulilisikia kanisani likielekezwa kwa Mungu, na mtu mzima aliyelisema nje ya kanisa alidhaniwa kuwa anaomba kitu. Mama Besi hakujua adabu hiyo. Akionja sombe, yaani kisamvu, iliyopondwa vizuri, alifumba macho na kusema kwa Kiingereza kwamba anaipenda mno, na maneno hayo, nikiyaandika kama masikio yetu yalivyoyapokea, yalikuwa hivi: "Ai emu fondi ofu sombe." Siku ya kwanza Tata aliweka tonge lake chini akamtazama kwa heshima. "Fundi ya sombe? Sombe nayo iko na fundi yake?" Tulicheka mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa. Kuanzia jioni hiyo, nyumbani kwetu kupenda kitu kukawa ni kuwa fundi wake. Mimi nilikuwa fundi wa mihogo ya kuchoma, Tata alikuwa fundi wa kulala baada ya zamu, na hata Mama, ambaye kicheko chake kilikuwa adimu, alikiri kuwa fundi wa chai ya maziwa aliyoipika Mama Besi. Nilimpenda sana Mama Besi. Nalisema leo waziwazi, kwa sababu wakati ule sikujua kwamba linasemeka.

Lakini kuliko sombe, kuliko chai, kuliko hata mume wake, Mama Besi alimpenda mdogo wangu Ilunga. Ilunga alikuwa kitoto cha kunyonya, mnene, mwenye mikunjo mapajani, na kwa Mama alikuwa zaidi ya mtoto. Kati yangu na yeye walizaliwa wawili, na wote wawili wamelala makaburini nyuma ya kambi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Mama alimlea Ilunga kwa mashaka ya namna hiyo, akiamka kusikiliza kama anapumua, akimfunga kamba ya dawa kiunoni chini ya medali ya Bikira Maria, ili akikosa mmoja apate mwingine. Mama Besi yeye alimchukua mtoto huyo kwa furaha tupu. Kila asubuhi baada ya kumwogesha alimrusha juu, akamdaka, akauzika uso wake katika tumbo lake lenye harufu ya sabuni, akajifanya anamng'ata, huku akisema maneno yake matamu kuliko yote: "Ai kudi iti yu apu!" Ilunga alicheka mpaka akapata kwikwi. Sisi wakubwa tuliyakariri maneno yale bila kujua maana yake, tukayaimba tukiruka kamba, na baada ya siku chache kila mtoto wa mstari wetu wa nyumba alikuwa akimwambia mwenzake ai kudi iti yu apu.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwenye bomba la maji la mstari wetu alikuwapo Mama Ngalula, jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke wa Kasai kama sisi, mwenye huruma nyingi na masikio mengi zaidi. Asubuhi moja, ndoo zikiwa kwenye foleni na Mama akiwa papo hapo na Ilunga mgongoni, Mama Ngalula alitaka kujua wimbo ule wa watoto una maana gani. "Mama Besi, ile maneno batoto banaimba, maana yake nini?" Mama Besi alifurahi kuulizwa. Hakuna aliyewahi kumwuliza kuhusu Kiingereza chake ila kwa kumcheka. Akajipangusa mikono, akalitafuta kila neno kwa uangalifu kama mtu anayechambua mchele, akamwelekezea Ilunga kidole akasema, "Ni maneno ya mutoto. Ni kusema: weye, miye naweza kukukula, nakukula yote, nakumaliza." Akacheka. Pengo lake likaonekana. Kucheka kwake kulikuwa peke yake pale bombani, na maji yakaendelea kumwagika kwenye ndoo iliyokwisha kujaa, na hakuna aliyeiondoa.

Msomaji wa leo anaweza kutucheka, lakini na ajiweke mahali petu. Kwetu, kumla mtu ni kumloga afe. Mchawi hamnyweshi mtu sumu wala hashiki kisu, anakula tu, na aliyeliwa anakonda mpaka anakwisha. Juu ya hayo, miaka ile Katanga nzima iliogopa batumbula, watu waliosemekana kuwakamata wenzao njiani na kuwapelekea wazungu wawale. Mama zetu walituita ndani kabla jua halijazama kwa ajili yao. Sasa huyu hapa mwanamke asiye na mtoto, aliyetoka nyumba za wazungu, mwenye lugha isiyo ya padri wala ya kampuni, amesimama mchana mweupe akasema kwa kinywa chake kwamba anaweza kummaliza mtoto wa mwenzake. Ulimi hauna mfupa. Mama alifunga vizuri kitambaa cha mgongoni, akabeba ndoo yake ikiwa nusu, akaenda nyumbani bila kumngoja Mama Besi.

Mama hakuuliza kitu. Hilo ndilo linalonisumbua hata leo. Aliacha tu kumpa mtoto. Asubuhi alimwogesha mwenyewe, mchana alimfunga mgongoni hata akiwa anasonga bukari, na Mama Besi akinyoosha mikono aliambiwa kwamba mtoto ana usingizi. Mama Besi hakuwa mjinga. Siku ya kwanza aliamini, siku ya pili akajifanya anaamini, halafu akaketi kwenye ngazi ya nyuma akachambua maharage yasiyokuwa na takataka. Sisi watoto tulikatazwa wimbo wetu kwa kofi. Tata aliona yote. Alikuwa mtu wa misa kila Jumapili, aliimba sauti ya chini katika kwaya, na kuhusu uchawi alisema Mkristo haamini mambo hayo. Alilisema akitazama dirishani.

Kisha Ilunga akaugua. Joto lilikuwa kali, nzi walikuwa wengi, na watoto kadhaa wa kambi walikuwa wakiharisha, jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka wakati huo. Ilunga alianza kwa kutapika maziwa, kukafuata kuharisha, na mikunjo ya mapajani mwake ikawa mikunjo ya ngozi tupu. Utosi wake ulibonyea. Alilia bila machozi, na mimi niliyezoea kumkasirikia kwa kelele zake nilitamani alie kwa nguvu kama zamani. Kila aliyekuja kumtazama aliliona lile lililokwisha kusemwa bombani: mtoto anakwisha, analiwa yote. Mama alimkimbiza hospitali, wakampokea, wakamchoma sindano ya maji mapajani, nasi tukaanza kupeleka chakula kila siku. Nilibeba chungu kichwani nikitembea nyuma ya Mama Besi, kwa sababu ni yeye aliyempikia Mama uji, akijua vizuri kwamba ukifika Mama atauweka pembeni na kula wa Mama Ngalula.

Yaliyotokea huko yalitokea uani, chini ya paa la bati ambako ndugu za wagonjwa walipikia. Ilikuwa asubuhi. Mama alitoka na Ilunga kifuani, amefunikwa shuka ya hospitali, na tayari walikuwapo Tata, baba mdogo na Mama Ngalula, aliyeshika kikombe cha maji. Kwetu, mtu anayeshukiwa kuwa kinywa chake kimemfunga mgonjwa huombwa atie maji mdomoni, ampulizie mgonjwa, na kuyaondoa maneno yake. Hilo si hukumu, husema wazee, ni msaada tu. Mama Besi alipoelewa kikombe kile kilikuwa cha nini, aliweka chungu cha uji chini, akapiga magoti mbele ya Mama.

"Yaya," alisema, kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa, "ile maneno haina ya kukula. Ni ya kupenda. Bazungu ya Luanshya njo banasemaka vile kwa batoto yabo."

Laiti angenyamaza. Mama Ngalula alipiga makofi ya mshangao. "Munasikia? Bazungu njo banamufundisha!"

Mama alikuwa hajalala kwa siku nyingi, na sauti yake ilitoka kavu. "Besi, miye sikukufukuze. Sikukutukane. Minakuomba kitu moja. Ile maneno uliingiza mu mwili ya mutoto na kingereza. Uitoshe na kingereza." Kwetu kutosha ni kutoa.

"Yaya, nitaitosha namna gani?"

"Weye njo unajua."

Mama Besi alimtazama mume wake, na baba mdogo akatazama viatu vyake. Alimtazama Tata, na Tata, fundi wa kwaya, akasema kwa upole, "Sema tu, mama. Sema tu iishe." Nilikuwa karibu kabisa na nguo yake. Miaka mingi baadaye niliolewa na mfanyabiashara, nikauza vitenge Ndola, nikajifunza Kiingereza cha sokoni, na ndipo nikaelewa alichokuwa anakitafuta akiwa amepiga magoti pale. Neno liliingia likiwa upendo. Sasa aliambiwa alitoe, nalo halikuwa na kinyume chake isipokuwa kimoja. Angeweza kutudanganya kwa urahisi. Angeweza kutuamkia kwa Kiingereza, au kutaja majina ya mboga, na sote tungeitikia amina. Lakini aliogopa, nadhani, kwamba kama Mama ana haki, na maneno yana nguvu hizo, basi udanganyifu ungemwua mtoto. Kwa hiyo alitia maji mdomoni, akampulizia Ilunga paji la uso, akasema maneno ambayo masikio yangu yaliyashika kama yalivyokuwa: "Ai donti lavu yu." Yaani, sikupendi. Akayarudia, safari hii machozi yakimwingia mdomoni. Ilunga aliposikia sauti ile alifungua macho, akamjua, akanyoosha kimkono chake kilichokonda amguse. Mama akamhamishia bega la pili.

Jioni ile Ilunga alinyonya. Kesho yake alikojoa, na hospitali walifurahi, wakasema yale maji ya sindano yamemrudisha. Sisi tulijua zaidi yao. Mama Ngalula alipita mlango kwa mlango akitangaza muujiza, na kwa kutangaza huko alifunga kesi, maana hesabu ilikuwa rahisi mno: kama kuyatoa maneno kumemponya mtoto, basi maneno ndiyo yaliyokuwa yakimla. Mtoto angekufa, huenda wangebaki watu wawili watatu wasio na hakika kama ni Mama Besi. Kwa kuwa alipona, hakuna aliyebaki na shaka kwamba ni yeye. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili, na mwenyeji wetu alipona kweli. Nakumbuka hasira yangu ya kitoto, hasira isiyo na mahali pa kwenda, kwa sababu nilikuwa na furaha pia, furaha kubwa ya kumwona mdogo wangu akinenepa, nami sikujua nilie kwa kipi kati ya hivyo.

Baada ya hapo Mama Besi hakusema Kiingereza tena. Sombe alikula akisema "ni muzuri" kama mtu mwingine yeyote. Nyumba waliyokuwa wakiingoja ilipopatikana, watu wa mstari ule walisema hawamtaki, na baba mdogo akaomba kazi Kisenge, kwenye mgodi wa manganese, mbali kwa njia ya reli. Siku ya kuondoka Mama alimpa kitenge kipya na kuku aliyefungwa miguu. Sijui kama ilikuwa shukrani au ada ya kumfukuza, na sidhani kama Mama mwenyewe alijua. Mama Besi alipokea kwa mikono miwili, akakunja goti, akashukuru. Ilunga alikuwa mgongoni kwa Mama akipiga kelele za furaha. Mama Besi hakumtazama. Alimtazama kuku tu, njia nzima mpaka kwenye kona, nami nilisimama barabarani nikimwita mpaka Tata akanishika mkono. Baada ya mwaka mmoja au miwili tulisikia baba mdogo ameoa mke mwingine huko. Kuhusu wa kwanza hatukuuliza, na uhuru ulipokuja na fujo zake, kila mtu alikuwa na watu wake wa kuwatafuta.

Leo wajukuu zetu wanapenda kwa Kiingereza kutwa nzima. Wanapenda viazi vya kukaanga, wanapenda viatu, wanampenda mwimbaji ambaye hajui kama wapo, wanalituma neno hilo kwa simu na kioo cha simu kinajaa mioyo myekundu. Wengine wa rika langu wanakasirika kwamba neno limekuwa rahisi. Mimi sikasiriki. Nimeliona likiwa ghali, na sikupenda. Musonoi ninayoijua haina lori la maji tena, vumbi linafanya litakalo, na mashimo yamekaribia milango ya watu, lakini mtoto wa huko akiambiwa na shangazi yake kwamba ni mtamu wa kuliwa, anacheka tu, na mama yake anacheka, na mimi natulia.

Ilunga naye ni mzee sasa, mwenye mvi na sukari, anakaa mtaa wa Kapata katika nyumba ya zamani ya kampuni. Kisa chake anakisimulia kila sikukuu, jinsi mke wa baba mdogo alivyotaka kumla na jinsi alivyolazimishwa kumtapika. Amekisimulia vizuri miaka yote, na Mama alikufa akiitikia kwa kichwa. Mwaka jana wajukuu walipokwenda nje baada ya kisa hicho, nilimwambia maneno yale mawili, yale ya kuingia na yale ya kutoka, na maana ya kila moja. Nilidhani atanikatalia. Alijisugua paji la uso, kisha akauliza kama Mama Besi alipata mtoto baadaye. Nikasema sijui. Akauliza alikufa lini. Nikasema sijui.

"Yaya," akasema, "balimuzikaka wapi?"

Katika ukoo wetu wote, hakuna hata mmoja anayejua.